Lugha ya Swali na Lugha ya Ukumbini: Stadi za Utafiti na Uwasilishaji kwa Mwanafunzi wa Shahada za Juu za Uchumi

IKISIRI

Makala hii inachunguza namna mwanafunzi wa shahada za juu za uchumi anavyoweza kujijengea stadi za kutafiti na za kuuwasilisha utafiti wake. Hoja yetu ni kwamba stadi hizi mbili, ambazo aghalabu hufundishwa mbalimbali au hazifundishwi kabisa, zina shina moja, nalo ni uwezo wa kulitamka swali. Mifano imechukuliwa katika hojaji za Kiswahili, katika majaribio ya kitafiti yaliyofanyika Kenya na Tanzania, na katika zoezi moja la darasani lililofanyika Marekani.

1.0 Utangulizi

Mwanaisimu anayejiingiza katika mambo ya wachumi hana budi kueleza kwanza amefikaje huko. Kwa miaka kadhaa mwandishi wa makala hii amekuwa akialikwa na wenzake wa uchumi kuwasikiliza wanafunzi wao wakifanya mazoezi ya kuwasilisha mapendekezo ya utafiti. Alichoitiwa ni kusahihisha Kiingereza. Makosa ya Kiingereza yalikuwapo, lakini yalikuwa machache na mepesi, na wala si yaliyowaangusha wanafunzi wale.

Tuchukue mfano wa mwanafunzi mmoja, hodari wa hesabu kwa ushahidi wa walimu wake wote, aliyepewa dakika ishirini. Dakika kumi na mbili za mwanzo alizitumia kusimulia historia ya sera za kilimo tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967. Nne zilikwenda katika kuorodhesha machapisho. Milinganyo yake ndiyo kwanza ilikuwa inajitokeza ukutani kengele ilipopigwa. Mwenyekiti akamwuliza: unataka kujua nini hasa? Akajibu kwa kutaja jina la mbinu ya ukokotozi. Akaulizwa tena, akataja jina la seti ya data. Hapo tukamwomba aseme kwa Kiswahili, kana kwamba anamjibu mjomba wake mkulima aliyemwuliza anasomea nini mjini. Alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Nataka kujua kama wale waliopata mkopo wangevuna vilevile hata wasingeupata."

Sentensi ile moja ilikuwa na uzito kuliko slaidi zote zilizoitangulia. Kilichotushangaza si kwamba aliisema kwa Kiswahili, maana wangekuwapo wa kuisema kwa Kiingereza. Ni kwamba alikuwa nayo tangu mwanzo na hakujua kuwa ndiyo iliyotakiwa.

2.0 Mada si swali

Wanafunzi wengi huja kwa msimamizi wakiwa na mada: mikopo na tija ya wakulima wadogo wa mahindi, mfumuko wa bei na ukuaji wa uchumi, elimu na kipato. Mada ni kirai nomino. Haina kitenzi, na kwa hiyo haiwezi kuwa kweli wala uongo. Mtu hawezi kukupinga ukimwambia "mikopo na tija". Hapo ndipo penye usalama wake, na ndipo penye udhaifu wake.

Mada inapopewa kitenzi, kitenzi chenyewe hakina budi kuchaguliwa kwa uangalifu. Kitenzi kinachopendwa mno na wanafunzi ni "kuathiri", na sababu ya kupendwa kwake ni kwamba hakisemi lolote: hakionyeshi kama athari ni ya kuongeza au ya kupunguza, wala hakitenganishi kusababisha na kuambatana. Wakulima waliopata mkopo huvuna zaidi. Hilo ni kuambatana. Yumkini walikuwa na mashamba yenye rutuba zaidi, au waliishi karibu na barabara, au ni watu wa bidii ambao afisa wa benki aliwachagua kwa kuijua bidii yao. Rigresheni, yaani ule ukokotozi wa kupima namna kitu kimoja kinavyobadilika pamoja na kingine, haiwezi yenyewe kutuambia lipi ndilo.

Kiswahili kina nyenzo inayofaa kwa kazi hii, nayo imo katika sarufi ya kila siku. Viambishi -nge- na -ngali- huzungumzia jambo ambalo halipo, au halikuwapo, ili kulipima lile lililopo. "Asingepata mkopo, angevuna kiasi gani?" Mkulima anayetajwa katika sentensi hiyo, yule yule ila bila mkopo, hayupo duniani na hatapatikana kwa hojaji yoyote. Sehemu kubwa ya mbinu za kisasa za ekonometria ni juhudi za kumtafutia naibu. Tuzo ya Nobel ya uchumi ya mwaka 2019, waliyopewa Abhijit Banerjee, Esther Duflo na Michael Kremer, ilihusu utafutaji wa naibu huyo kwa majaribio ya nyanjani. Ile ya mwaka 2021, ya David Card, Joshua Angrist na Guido Imbens, ilihusu kwa sehemu kubwa hali ambapo matukio yenyewe ya maisha hutokea kama jaribio. Mwanafunzi aliyeitunga sentensi yake ya -nge- amekwisha kujua ni nani anayekosekana, na kwa hiyo anajua swali la kwanza atakaloulizwa ukumbini.

Majaribio ya mwanzo ya Kremer na wenzake yalifanyika magharibi mwa Kenya katika miaka ya 1990, na mojawapo linatuhusu sisi wa lugha moja kwa moja. Shule kadhaa ziliteuliwa kwa bahati nasibu zikapewa vitabu vya kiada. Kila mtu alitazamia kuwa alama za wanafunzi zingepanda. Wastani wa alama haukupanda. Walionufaika ni wale ambao tayari walikuwa wakifanya vizuri. Katika kueleza sababu, watafiti walionyesha kwamba vitabu vile viliandikwa kwa Kiingereza, ambacho kwa watoto wengi wa huko ni lugha ya tatu, na kwamba wengi hawakuweza kuvisoma. Matokeo hayo yaliyochapishwa mwaka 2009 yanapaswa kusomwa na kila mwanafunzi wa uchumi katika nchi zetu, kwanza kwa ajili ya mbinu, na pili kwa sababu kipengele ambacho hakikuwamo katika dhana ya awali ndicho kilichobeba maelezo.

3.0 Swali linapofika kijijini

Mwanafunzi wa uchumi wa Afrika Mashariki hufikiri kwa hesabu, huandika kwa Kiingereza, na hukusanya data kwa Kiswahili au kwa lugha nyingine ya wenyeji. Tafsiri ya hojaji huachiwa wadadisi, tena usiku wa kuamkia safari. Kozi za mbinu za utafiti hulipa jambo hili kipindi kimoja, zikilipa kabisa. Kwa maoni yetu, hapa ndipo tasnifu nyingi huharibika, na uharibifu wenyewe hauonekani kwa sababu namba hazioni haya: zikishaingizwa katika kompyuta hufanana zote.

Neno "kazi" ni mfano bora. Mwulize mwanamke aliyelima tangu alfajiri, akateka maji, akauza maandazi njia panda, "Je, unafanya kazi?" Atakujibu, "Hapana, niko nyumbani tu." Hajasema uongo. Katika matumizi ya kawaida, kufanya kazi ni kuajiriwa, na jembe la mtu mwenyewe halimo. Tofauti hii si ya kinadharia. Katika miaka ya 2007 na 2008 watafiti walifanya jaribio Tanzania ambamo kaya zilihojiwa kwa namna nne tofauti kuhusu shughuli za watu wake: kwa maswali mafupi au ya kina, na kwa kumwuliza mhusika mwenyewe au kumwuliza mtu mwingine wa kaya. Matokeo, ambayo Elena Bardasi na wenzake waliyachapisha mwaka 2011, yalionyesha kwamba kiwango cha ushiriki katika nguvukazi kilitofautiana hadi kwa pointi 10 za asilimia kutokana na namna ya kuuliza peke yake. Maswali mafupi, yasiyoanza kwa kutaja shughuli moja moja, yaliwapunguza wanawake katika hesabu. Kumwuliza mtu mwingine badala ya mhusika kuliwapunguza wanaume. Nchi ni ileile na mwaka ni uleule. Mwanafunzi anayelinganisha tafiti mbili za miaka miwili na kutangaza kwamba ajira imeshuka kwa pointi sita hana budi kwanza kuzisoma hojaji zote mbili, neno kwa neno.

Muda nao una mitego. "Wiki iliyopita" kwa mwulizaji ni siku saba zilizotangulia mahojiano. Kwa mjibuji aliyehojiwa siku ya Alhamisi yaweza kuwa ni ile iliyokwisha Jumapili. "Saa mbili" katika Kiswahili ni saa nane ya saa za kizungu, na mdadisi aliyechoka huandika 2 mahali ilipotakiwa 8. Tumeona jedwali la matumizi ya muda ambamo wanakijiji walionekana kuamka usiku wa manane kwenda shamba. Mwanafunzi mwenye jedwali hilo alikuwa ameanza kulitungia nadharia.

Vipimo ni vigumu zaidi. Mavuno hutajwa kwa gunia, debe, pishi, kisado au fungu. Gunia la mahindi huhesabiwa kuwa kilo 100, lakini penye lumbesa, lile gunia lililojazwa likapandishwa kilemba juu ya mdomo wake, uzito huzidi, na mnunuzi ndiye anayeamua kilemba kiwe kirefu kiasi gani. Mtafiti anayezidisha idadi ya magunia kwa 100 kila mahali huenda asipime tija ya wakulima hata kidogo; anapima nguvu ya wanunuzi wa eneo lile. Dawa yake ni kwenda sokoni na mizani siku ya kwanza, kabla ya hojaji kufunguliwa.

Na kuna maneno yanayobeba hukumu. Katika benki "riba" ni bei ya fedha. Katika mwambao na Visiwani neno hilohilo ni jina la jambo lililoharamishwa na dini, na kumwuliza mfanyabiashara Mwislamu wa Unguja, "Ulilipa riba kiasi gani?" ni karibu na kumwuliza alitenda dhambi kiasi gani. Wengine watajibu sifuri. Ukimwuliza alichukua kiasi gani na alirudisha kiasi gani kwa jumla, atakuambia, nawe utakokotoa mwenyewe. Vivyo hivyo, mtu aliyechukua sukari dukani akaandikwa daftarini hatasema amepata "mkopo". Mkopo hutoka benki au chama; hili la dukani ni deni, na wengine hawaliiti hata deni, husema tu kwamba wanafahamiana na mwenye duka.

Stadi inayohitajika hapa haina siri. Hojaji itafsiriwe Kiswahili na mtu mmoja, irudishwe katika Kiingereza na mtu wa pili asiyeiona ya asili, na nakala mbili za Kiingereza zilinganishwe. Kisha mwanafunzi mwenyewe, si mdadisi wake, akae na watu kumi au kumi na watano, awaulize, na baada ya kila jibu awaulize wameelewa nini. Ni kazi ya siku tatu. Msimamizi asiyeidai anamdhulumu mwanafunzi wake.

4.0 Kuirudia kazi ya mwingine

Mwanafunzi wa kwetu hufundishwa kwamba utafiti sharti uwe mpya, na kwa hiyo huona haya kuirudia kazi ya mtu. Hapa tuna mfano wa kumwondolea haya hiyo. Mwaka 2010 Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, wachumi wenye majina makubwa, walichapisha makala iliyodai kwamba nchi tajiri ambazo deni la serikali limepita asilimia 90 ya pato la taifa zilikuwa na wastani wa ukuaji wa asilimia -0.1. Namba hiyo ilitajwa sana na wanasiasa wa Ulaya na Marekani waliotaka kubana matumizi ya serikali. Thomas Herndon, mwanafunzi wa shahada za juu katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Amherst, aliichagua makala hiyo kwa zoezi la darasani la kurudia ukokotozi uliokwisha kuchapishwa. Hakuipata ile namba. Alijaribu tena, hakuipata. Aliwaandikia waandishi, nao wakampa faili lao.

Humo alikuta kwamba fomula ya wastani iliziacha nje nchi tano kati ya 20. Lakini kosa hilo, ambalo ndilo lililoandikwa magazetini, lilikuwa dogo kuliko mambo mengine mawili: baadhi ya miaka haikuingizwa, na wastani ulikokotolewa kwa namna ambayo mwaka mmoja wa New Zealand, 1951, ulipewa uzito sawa na miaka 19 ya Uingereza. Herndon na walimu wake wawili, Michael Ash na Robert Pollin, walipokokotoa upya mwaka 2013 walipata asilimia 2.2. Reinhart na Rogoff walikiri kosa la fomula, wakayapinga mengine.

Kwa mwanafunzi, lililo muhimu ni mwenendo wa kazi yenyewe. Yeye hakuwa na data mpya wala nadharia mpya. Alikuwa na subira ya kuuliza kila namba imetoka wapi, na ujasiri wa kutoamini kwamba anayekosea lazima awe yeye. Tungependa kila mwanafunzi wa uzamili, kabla ya kuandika pendekezo lake, achukue makala moja anayoistahi, aombe data zake, na kuyajenga upya majedwali yake. Atajifunza pia kuweka kumbukumbu za kazi yake mwenyewe, kwa kuwa atakuwa ameonja uchungu wa kusoma faili la mtu asiyeziweka.

5.0 Ukumbini

Muungano wa Utafiti wa Uchumi wa Afrika, wenye makao yake Nairobi tangu kuanzishwa kwake mwaka 1988, umejenga desturi ambayo vyuo vingi havijaiiga ipasavyo. Katika warsha zake zinazofanyika mara mbili kwa mwaka, mtafiti huleta kwanza pendekezo, kisha kazi ambayo haijakamilika, kisha ripoti ya mwisho, na kila mara hukabiliwa na wasikilizaji wenye ujuzi. Anawasilisha wakati bado anaweza kubadilika. Katika idara zetu nyingi mwanafunzi husimama mbele ya watu mara mbili tu, mwanzo na siku ya kutetea tasnifu, na katikati hukaa peke yake na kompyuta. Si ajabu kwamba siku ya utetezi hujitetea yeye badala ya kuitetea hoja.

Kuhusu mpangilio wa maelezo, tuna machache. Swali litamkwe katika dakika mbili za kwanza, na jibu, kama lipo, lifuate mara moja. Wasikilizaji wa mhadhara si wasikilizaji wa hadithi. Hawahitaji kufichwa mwisho. Mapitio ya machapisho yapewe dakika moja: nani aliyekukaribia zaidi na umemwacha wapi. Jedwali moja lililosomwa vizuri ni bora kuliko sita zilizopita mbio.

Kusoma jedwali kwa sauti ndiko kunakotaka mazoezi. Mwanafunzi husema, "Kigawo ni 0.14 na ni muhimu kwa kiwango cha asilimia 5." Tuchukulie kwamba mavuno yamewekwa katika logi. Basi kigawo hicho kina maana kwamba waliopata mkopo walivuna zaidi kwa takribani asilimia 15. Aliyetazamiwa kuvuna magunia 10 anavuna 11 na nusu. Hilo mjomba atalielewa, na atauliza papo hapo: je, gunia moja na nusu linatosha kulipa mkopo? Swali hilo ni zuri kuliko mengi yanayoulizwa na maprofesa.

Na hapa mwanaisimu hawezi kujizuia. Neno "muhimu" limeleta madhara. Kigawo kilicho "muhimu kitakwimu" ni kile ambacho si rahisi kukihesabu kuwa ni bahati tu; chaweza kuwa kidogo kisicho na faida kwa mtu yeyote. Deirdre McCloskey na Stephen Ziliak walipozichunguza makala 182 za American Economic Review za miaka ya 1980, katika utafiti wao wa mwaka 1996, waliona kwamba asilimia 70 hazikutofautisha umuhimu wa kitakwimu na umuhimu wa kiuchumi. Ikiwa Waingereza na Wamarekani wamenaswa na neno lao wenyewe, sisi hatukulazimika kulitafsiri pamoja na mtego wake. Tungependekeza kusema kwamba kigawo "kimebainika kitakwimu", na neno "muhimu" liachiwe mambo yanayobadilisha maisha ya mtu.

Linabaki suala la kuulizwa. Malezi yetu humfundisha kijana asimbishie mkubwa hadharani, na ni malezi mema. Lakini ukumbini yamezaa desturi mbaya ya kukubali kila kitu. Profesa anasema, "Hukuangalia mvua," na mwanafunzi, ambaye mvua imo katika safu ya nne ya jedwali lake, hujibu, "Asante sana Profesa, nitalifanyia kazi." Wajuzi huona amekubali kosa ambalo hakulifanya. Kiswahili kina njia ya kukataa bila kuvunja heshima: "Nimekupata, Profesa, na naomba uniwie radhi nirudi kwenye jedwali la pili, mvua imo katika safu ya nne." Na pale ambapo hana jibu, aseme kwamba data zake haziwezi kulijibu swali hilo, na ataje data ambazo zingeweza.

Yule mwanafunzi wa mikopo alirudi mbele yetu baada ya miezi minne. Alianza kwa sentensi yake ya -nge-, kwa Kiingereza safari hii. Aliulizwa maswali kumi na moja. Matatu hakuweza kuyajibu, akasema hivyo, na usiku uleule akayaandika yote, kila moja na jina la aliyeliuliza. Orodha hiyo, ikiwa imepanuliwa, ndiyo sura ya tano ya tasnifu yake.